Suti ya Shemeji na Mashine ya Vidole

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kufa nalo, na mpaka leo nikipita pale getini kiwandani walinzi wakiniona tu wanaanza kile kikohozi cha kuficha kicheko, lakini kwa kuwa mmeniuliza wenyewe kwa nini siku hizi siongei vikaoni, na kwa kuwa wengine mmeshasikia habari hii kwa watu wasionitakia mema (wanaosema nililia, mimi sikulia, ilikuwa ni maji ya dawa yameniingia machoni), acha niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe, aibu yote, halafu tuendelee na maisha.

Mnajua kazi yangu ni kukata minofu. Sangara anaingia mzima kiwandani, sisi tunasimama mezani na visu, tunatoa minofu kushoto na kulia, mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki, yanaenda kwenye beseni lake, minofu inalala kwenye barafu, na wewe mikono yako siku nzima ipo humo humo kwenye barafu na maji ya dawa. Glovu zipo, lakini ukishika kisu kwa saa nane maji yatapata tu njia ya kuingia. Ikifika jioni vidole vimekunjamana, vyeupe, vimekufa ganzi, hata kifungo cha shati unamwomba mwenzako akufungie.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni dada mmoja anaitwa Nyangeta, mtu wa vijiji vya huko Butiama, ana miaka mingi mezani kuliko mtu yeyote ninayemjua pale. Huyu mama nisipomsifia hapa nitakuwa mchoyo. Anakata sangara huku anakupa habari za nyumbani, na panki likidondoka kwenye beseni unaweza kuliangalia mpaka uchoke, hukuti nyama. Na siyo kisu tu. Akiona msichana mgeni anashika kiuno mara mbili tatu, hasubiri aambiwe, anambadilisha nafasi, anampeleka upande wa kufungasha ambako kuna viti, anazungumza na supavaiza maneno mawili, basi, yameisha, na yule msichana hata hajajua kwamba kuna mtu amemsemea. Nimeona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara kumi, na wala sikujifunza kitu.

Sasa ilipofika wakati wa kuchagua mwakilishi wa wafanyakazi, mnadhani walimchagua nani? Mimi Mafuru. Kwa sababu ya mdomo. Kule mtaani kwetu Nyakato (siyo ile ya Mwanza) hakuna harusi wala msiba ambao sijashika kipaza sauti, na watu walifikiri (na mimi nilifikiri zaidi yao) kwamba anayeweza kuchangamsha ukumbi ataweza na mkurugenzi. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono pale nje ya chumba cha kubadilishia nguo, ikawa mikono yote juu. Nyangeta alitajwa, akakataa, akasema, “Mimi mdomo wangu mzito, mpeni Mafuru, yeye analalaga anaongea.” Watu wakacheka, nami nikapunga mkono kama mbunge.

Haikupita miezi mingi ikaja mashine. Zamani tulikuwaga na daftari, supavaiza anaandika jina lako ukiingia na ukitoka, yamekwisha. Ofisi ikasema mambo ya daftari ni ya kizamani, ikafungwa mashine ya vidole ukutani, kwenye korido ya kutokea ukumbi wa kukatia, jirani na mlango wa ofisi. Ukiweka kidole ikakutambua, inawaka kijani, picha yako inatokea, na ndani yake kuna sauti ya dada wa kizungu inasema senkyu. Basi tukaiita hivyo hivyo, Senkyu. “Umepiga Senkyu?” “Nimepiga.” Siku za mwanzo tulikuwa tunaifurahia, kuna watu walikuwa wanarudi kupiga mara ya pili ili washukuriwe tena.

Shida ikaja jioni. Asubuhi vidole vikavu, Senkyu inakujua. Jioni umetoka kwenye barafu, vidole vimekunjamana, Senkyu inalia tiii, inawaka nyekundu, haikujui hata ukibembeleza. Na ofisini kompyuta ilikuwa imepangwa hivi: mtu ambaye hakupiga kutoka, siku yake haihesabiki, anaonekana hakuja kazini. Ofisi ikabandika tangazo kwamba mwenye malalamiko ajaze fomu kwenye simu. Mmoja wetu akajaza, akajibiwa, “Tumepokea maoni yako,” na kesho yake akajaza tena, akajibiwa vile vile.

Aliyeumia kuliko wote ni Nyangeta, maana yeye ndiye anayekaa kwenye barafu muda mrefu kuliko wote, na miaka yote ile imemlamba vidole mpaka vimekuwa laini. Akapewa barua ya kujieleza kwa nini hakuonekana kazini siku tano. Siku tano ambazo mimi nilisimama naye meza moja! Na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi (siku hizi mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu), na barua ya utoro kwenye faili maana yake hakuna mkataba mwingine. Alinionyesha ile barua ameikunja mara nne, ameiweka ndani ya mfuko wa aproni, hakulalamika, aliniuliza tu, “Mafuru, mdogo wangu, hili utaliweza?”

Nikamwambia, “Dada, hili ni dogo.”

Nikaomba kikao, tukapewa Jumanne saa nne. Nyangeta ndiye aliyetoa mpango, na naomba mlikumbuke hilo. Alisema twende watu watatu, yeye na mimi na mwenzetu mmoja, tutoke mezani moja kwa moja bila kujifuta, tuwaombe wakubwa watoke pale koridoni, halafu tupige Senkyu mbele yao. “Hatuna haja ya kuongea sana,” alisema. “Mikono yenyewe itaongea.”

Mpango mzuri, mfupi, hata mtoto angeuelewa. Na mimi mwenye akili nyingi nikauharibu kwa uamuzi mmoja mdogo tu, kwamba mwakilishi haendi kwa mkurugenzi amevaa gambuti. Nikajiuliza, nimesimama mbele ya watu wa ofisi, nanuka sangara, nitasikilizwa kweli? Nikakumbuka shemeji yangu wa Bunda ana suti ya bluu aliyoshonesha kwa ajili ya kusimamia harusi. Jumapili ni mapumziko yetu, Jumatatu nikaomba ruhusa, nikaenda Bunda. Shemeji akanipa suti, akanipa na viatu vya kahawia vyenye ncha, akaniambia, “Shemeji, hii suti haijawahi kuona hata tone la soda, unirudishie hivyo hivyo.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi, inaenda ofisini.

Niliporudi nikakaa kuandika hotuba. Hotuba kurasa tatu! Ilikuwa na utangulizi. Na kwa kuwa nilitaka kumpa mkurugenzi mkono bila kumwachia harufu, nikasugua viganja kwa limao, nikaosha kwa maji ya moto, nikajipaka mafuta ya mgando mpaka mikono ikawa mizuri ajabu, nilikuwa sijaiona hivyo tangu nimeanza kazi. Asubuhi ya Jumanne nikapita ukumbini kuwaaga wenzangu, nikachungulia mlangoni, Nyangeta akaniona na suti, akauliza, “Tunatoka saa ngapi?”

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, hayo mengine yote ni ya kuchekesha tu. Nilimwambia, “Dada, baki. Mkija na hiyo harufu mtaniangusha. Nitawasemea mimi.” Niliyatamka maneno hayo kwa mtu aliyenifundisha kushika kisu. Yeye akaitikia tu, “Haya,” akarudi mezani.

Kikao kilikuwa na mkurugenzi, mama wa utumishi tunayemwita Madamu, na fundi wa mashine aliyeitwa kutoka Mwanza. Nikasimama, nikafungua kurasa zangu, nikaanza. Niseme ukweli, niliongea vizuri. Nilisema mfanyakazi si namba, nilisema teknolojia ni mtumishi siyo bwana, na fundi wa Mwanza akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika ukurasa wa tatu nilikuwa nimepanda juu kabisa, nikanyoosha kidole mlangoni nikasema, “Mheshimiwa mkurugenzi, mashine ile haitutambui! Hata mimi mwakilishi wao, haijui kama nipo duniani! Twendeni mkaone kwa macho yenu!”

Wakainuka. Tukatoka koridoni. Na ilikuwa ni saa ya chai ya watu wa kufungasha, wamejipanga pale dirishani na vikombe vyao, akina mama kama kumi na watano, wote wananijua. Nikakunja mkono wa suti taratibu, nikawaangalia wote, nikaweka kidole gumba.

“Senkyu.”

Kijani. Picha yangu ikatokea, natabasamu.

Nikaona labda imekosea. Nikakifuta kidole kwenye suruali, nikaweka cha pili. “Senkyu.” Nikakandamiza kwa nguvu, kwa hasira, nikakiweka mshazari. “Senkyu. Senkyu.” Siku mbili bila barafu, limao, maji ya moto na mafuta ya mgando, vidole vilikuwa vimerudi vipya kabisa! Pale dirishani chai ilianza kumwagika. Madamu akanigeukia, uso mkavu, akauliza, “Mwakilishi, mbona inakushukuru?”

Mkurugenzi akatazama saa yake. Akamwambia Madamu, “Nadhani tumeona. Ile barua ya utoro iendelee kama ilivyo.”

Kuendelea kwa barua maana yake Nyangeta hana kazi mwisho wa mwezi, na sababu ni mimi. Hapo mtu mwenye akili angesema samahani, nipeni nusu saa nikawaite wenzangu. Mimi nikasema, “Subirini! Nakuja! Nikaloweke mkono!” nikageuka nikakimbia kuelekea ukumbi wa kukatia.

Mnaojua viwanda vya samaki mmeshashika vichwa. Mlangoni pale kuna kidimbwi cha maji ya dawa ambacho kila anayeingia anapita na gambuti zake ili aue vijidudu. Mimi nilikanyaga na viatu vya shemeji, vyote viwili, maji yakaruka mpaka machoni (hayo ndiyo machozi yenyewe mnayoyasikia). Nikaingia sioni vizuri, na sakafu ya ukumbi ule ina utelezi wa sangara wa tangu alfajiri, gambuti zetu zina meno ya kushika chini ila viatu vya harusi havina. Nikateleza kutoka mlangoni mpaka meza ya tatu, mikono juu, kurasa zangu zinapepea nyuma, nikatafuta pa kushika, nikashika hewa, nikakaa. Nilikaa ndani ya beseni la mapanki, nikatoshea vizuri, miguu nje, vichwa vya sangara vinanitazama huku na huku. Visu vyote vilisimama. Kisha nikasikia sauti ya dada anayekagua ubora, sauti ambayo hata wakubwa wanaiogopa, “Nani huyu ameingia na nguo za nyumbani? Zima! Zima kila kitu! Wote nje!”

Maana sheria ni hiyo. Akiingia mtu bila koti, bila kofia, bila gambuti, kazi inasimama, watu wanatoka, ukumbi unaoshwa upya toka dari mpaka sakafu. Na sheria nyingine, ambayo ofisi yenyewe iliiweka, ni kwamba hakuna kutoka ukumbini bila kupiga Senkyu.

Basi watu wote wa visu wakatoka foleni moja, mikono inadondosha maji ya barafu, na pale koridoni walikuwa bado wamesimama mkurugenzi, Madamu na fundi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nyangeta. Akavua glovu, akaweka kidole. Tiii, nyekundu. Akaweka kingine, tiii. Akasogea pembeni, akaja wa pili. Tiii. Wa tatu, tiii. Wa nne ikamkubali, watu wakampigia makofi. Wa tano tiii, wa sita tiii, na foleni bado ndefu. Fundi wa Mwanza akaacha kutikisa kichwa, akawa anakuna shingo. Mimi nilikuwa nimeshajitoa kwenye beseni, nimesimama nyuma kabisa ya watu, suti ya bluu imekuwa na magamba mpaka kwenye tai, na nakwambieni sijawahi kuona kitu kizuri kama ile foleni.

Nyangeta ndipo akamwendea mkurugenzi. Hakupandisha sauti, alisimama kama anavyosimamaga mezani, akatanguliza viganja vyake mbele.

“Shikamoo, bosi. Mimi ndo yule wa barua. Hii mikono, asubuhi mashine yako inaijuaga, jioni inaikataa. Lakini samaki nimekata. Uliza meza yote, uliza na supavaiza. Mimi sikatai mashine. Naomba daftari lirudi likae pembeni yake, mashine ikikataa, mtu aandike.”

Mkurugenzi akashika ncha za vidole vyake, akavigeuza, akavitazama muda mrefu. Akauliza, “Vinauma?”

“Baridi tu,” akasema Nyangeta. “Vimezoea.”

Mkurugenzi akaviachia taratibu. Halafu akamgeukia Madamu, akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua, “Hiyo barua naomba niletewe leo.” Na daftari lilirudi kesho yake asubuhi, jipya, na kalamu imefungwa kwa uzi. Barua ikafutwa, na mwisho wa mwezi Nyangeta alisaini mkataba. Hotuba yangu ya kurasa tatu haikuhitajika hata neno moja, na yeye alikuwa ameshaniambia hivyo tangu mwanzo.

Watu walimbeba Nyangeta karibu juu juu. Mimi hakuna aliyenikumbuka isipokuwa Madamu, aliyepita ameziba pua akasema, “Mafuru, wewe na mimi tutaonana.” Nikapata barua na mimi. Kuingia eneo la uzalishaji kwa nguo za nyumbani, kusimamisha kazi, kuchafua beseni. Na kwenye kikao cha nidhamu unaruhusiwa kwenda na mwakilishi wako, sasa mwakilishi ni mimi mwenyewe, nani anisemee? Siku mbili nilizunguka, mwisho nikamfuata Nyangeta pale kwenye mabomba ya kunawia. Nikamwomba radhi kwanza kwa lile neno la harufu. Nilitaka kuomba radhi kwa maneno mengi, akanikata, akaniambia, “Nilisikia, na iliniuma. Yameisha. Nitakuja. Ila hapo ndani usiongee, nitaongea mimi.”

Alikuja na gambuti na aproni. Alisema hivi, na mimi nimekariri: “Huyu amekosa, gambuti hakuvaa, kofia hakuvaa, hilo kosa lake mwandikieni. Lakini muandike pia kwamba alikuwa anakimbilia barafu kwa ajili yangu.” Akakaa. Nilipewa onyo la maandishi, nikabaki kazini. Na kama kuna siku nilikaribia kulia ni hiyo, siyo ile ya maji ya dawa.

Suti niliirudisha Bunda imefuliwa mara nne. Shemeji aliivaa kwenye harusi moja, akanipigia simu kuniambia kwamba paka wawili walimfuata kutoka kanisani mpaka ukumbini. Mpaka leo ananiita “mheshimiwa” mbele za watu na najua maana yake.

Uwakilishi niliuacha mwenyewe wiki ile ile, tukapiga kura tena mahali pale pale, na safari hii nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwa ajili ya Nyangeta. Akasema tena kwamba mdomo wake mzito. Tukamwambia tunautaka hivyo hivyo. Na mimi nimekula kiapo, sitavaa tena suti kwenda kuwasemea watu wenye gambuti, na sitamwambia tena mtu abaki eti nitamsemea wakati yeye mwenyewe anajua la kusema. Sasa vikaoni anakwenda yeye, anatoka mezani moja kwa moja mikono inadondosha maji, na mimi namsindikiza mpaka mlangoni kwa sababu kile kitasa cha ofisi ni cha kuzungusha, kinateleza, na kwa vidole vile hawezi kukizungusha. Namfungulia, anaingia, narudi kwenye barafu.